Bwana Radi wa Pili: Kicheko Nyuma, Machozi Mbele

Jumatatu, 4 Agosti

Meneja kastaafu leo. Kaondoka na mwavuli wake na kile kiti chake cha kuzunguka, ambacho nilikuwa nimeshakitolea macho. Haidhuru. Kiti hupatikana. Muhimu cheo.

Na cheo kinakuja kwangu, sioni mwingine. Nani kasimama mlangoni mwa ukumbi huu wa sinema miaka yote akichana tiketi? Mimi. Sauti ya filamu ikikatika, nani hugonga mlango wa chuma ili fundi mitambo huko juu aamke? Mimi. Hii filamu mpya, Bwana Radi Sehemu ya Pili, ina kasoro mbaya. Karibu na mwisho sauti inapotea kabisa. Nagonga ngo, ngo, ngo! Nangoja. Nagonga tena. Mwishowe sauti inarudi. Naokoa onyesho kila siku, na fundi mitambo hajawahi kusema ahsante. Badala yake ananikata jicho. Kijicho tu hicho.

Mchana mwenye ukumbi akatuita, mimi na Muuza Bisi. Mwenye ukumbi ni mjane mtu mzima, sote tunamwita Bibi. Akasema filamu hii inamtatiza. Waliokaa viti vya nyuma wanatoka wameshika mbavu. Waliokaa mbele wanatoka wanafuta macho. Filamu ile ile, saa ile ile! Juzi nusura washikane mashati pale mlangoni. Hajui aandike nini kwenye ubao wa nje, njooni mcheke au njooni mlie. Anayewajua watazamaji ndiye atakayekuwa meneja. Atatusikiliza Jumapili, mbele ya watazamaji wenyewe.

Muuza Bisi akauliza, bila haya, kama inatosha aseme anavyoona yeye. Nilimhurumia. Meneja gani ana maoni yake mwenyewe?

Jumanne, 5 Agosti

Nimeanza utafiti nyumbani. Mke wangu ni fundi cherehani, na wiki iliyopita aliiona filamu, akakaa mbele. Nikamwuliza ikoje. Akasema mambo mengi ni ya kitoto. Bwana Radi kazeeka, tumbo limemtangulia, bado anavaa buti za dhahabu na joho la kumeta. Adui yake ni Profesa Gundi, anayewagandisha watu wa mji mzima kwenye viti vyao. Wanapigana huku wanacheza dansi. Joho linanaswa na mlango wa lifti, linachanika. Alicheka, hakatai. Lakini kuna mahali pamoja palimliza. Akaanza kunieleza habari za sindano na uzi. Mimi akili ilikuwa kwenye cheo, nikawa naitikia ehe, ehe.

Kisha akaniuliza mimi naionaje.

Nikasema naiona kama anavyoiona yeye.

Akaweka mkasi chini. Akasema hivyo ndivyo nilivyomjibu tulipotafuta jina la binti yetu. Ndivyo nilivyomjibu kuhusu rangi ya mlango. Hata siku ile aliyoniuliza kama kweli nataka kumwoa, nilimwambia akitaka yeye nami nataka! Akasema ameishi na mimi miaka yote hii kama mtu anayeongea na kioo. Anataka jibu moja. Langu mwenyewe, la moyoni, kuhusu chochote kile, hata filamu. Akilikosa, atachoka kuuliza, na akichoka, basi.

Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Hilo ndilo lililonitia baridi.

Nikamwambia ana haki kabisa.

Akaendelea kushona bila kuinua kichwa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepita kwa Kinyozi. Huyu ndiye kiongozi wa viti vya nyuma, ameiona filamu mara nyingi hata hajui idadi. Anasema ni kichekesho ambacho hakijawahi kutokea, na wanaolia wakapimwe. Mwanamume mzima kumlilia mtu aliyevaa buti za dhahabu! Nikasema kweli kabisa, mimi mwenyewe nachekaga hadi nashika ukuta. Kinyozi akafurahi, akaninyoa akanipaka na manukato. Akasema Jumapili nitawasemea wao. Nikakubali.

Jioni nikakutana na Mwalimu Mstaafu, mama wa viti vya mbele. Anasema watu wa nyuma hawana moyo, wana jiwe. Hucheka penye msiba. Nikasema kweli kabisa, mimi mwenyewe nikiikumbuka filamu hii hutafuta kitambaa. Nikajaribu kutoa chozi, halikuja, nikapenga kamasi. Ikatosha. Mwalimu akanishika mkono, akasema mwanangu, Jumapili utusemee sisi. Nikakubali.

Wahenga wanasema njia mbili zilimshinda fisi. Lakini fisi hana mpango. Mimi ninao. Nitakaa katikati. Nikiwatazama wa mbele nitafunga tai, nikiwageukia wa nyuma nitailegeza. Bibi ataona mtu anayewajua wote. Cheo changu.

Ijumaa, 8 Agosti

Ukumbi umejaa. Mimi nje ya pazia la mlangoni kama kawaida. Mtu wa tiketi haingii ndani, wachelewaji hawaishi mpaka dakika za mwisho. Nikatega sikio.

Nilipata fikra leo. Kusikia ukumbi ni kama kusikia nyumba ya jirani. Unajua wamecheka, hujui wamecheka nini. Unajua kuna mtu amenyamaza, hujui kama amelala au ameumia. Nimesimama hapa miaka mingi hivi, nawasikia watu wakifurahi na kuhuzunika upande wa pili wa kitambaa, nami nimebaki na vipande vya tiketi mkononi. Nikasikia upweke kidogo. Nikaupuuza, nina kazi.

Sauti ikapotea, pale pale pa kila siku. Kimya! Hata kiti hakilii. Nikagonga ngo, ngo, ngo! Papo hapo viti vya nyuma vikaangua kicheko. Nikagonga tena, wakapiga na makofi. Sasa nimeelewa. Wananishangilia! Wanajua kuna mtu anahangaika kuwarudishia sauti yao.

Mbele nikasikia mtu anasema shhh. Wasio na shukrani hawakosekani.

Jumamosi, 9 Agosti

Muuza Bisi haandai hotuba yoyote. Nimempeleleza. Kinyozi alipomwuliza leo, alisema nusu ya filamu ni upuuzi. Mwalimu alipomwuliza, alisema hivyo hivyo. Neno kwa neno! Mtu anawapa wateja wawili jibu moja, na bado wananunua bisi zake. Huyu hana akili ya biashara.

Nimemwomba mke wangu anipigie tai pasi. Akaipiga. Akasema kesho atakuja kusikiliza, maana huenda mbele za watu nikasema ninachokiona. Aliniwekea mkono begani alipokuwa akisema hivyo. Nilijisikia vibaya, sijui kwa nini. Nikalala mapema.

Jumapili, 10 Agosti

Siku gani hii! Naandika nimefunga mlango.

Tulianza vizuri. Bibi kakaa jukwaani, mbele ya pazia jeupe. Watu wa mbele mbele, wa nyuma nyuma, mke wangu katikati. Nikasimama. Nikafunga tai, nikamgeukia Mwalimu, nikasema filamu hii ni kilio cha roho. Wa mbele wakaitikia kwa vichwa. Nikalegeza tai, nikamgeukia Kinyozi, nikasema filamu hii ni kicheko cha mwaka. Wa nyuma wakapiga miluzi. Nikafunga, nikalegeza. Nikafunga, nikalegeza. Ikafika mahali nikamwambia Kinyozi habari za kilio na Mwalimu habari za kicheko, na tai imekwama kichwani. Minong'ono ikaanza. Mwalimu akauliza kama huyu si yule aliyepenga kamasi kwake. Kinyozi akauliza kama anirudishie nywele alizoninyoa. Nikaona mambo yanaharibika.

Bibi akanyanyua mkono. Akasema mwanangu, tuache hayo. Watu hawa wote wanagombana kwa mahali pamoja tu, pale penye kimya. Hebu nieleze, pale unapaonaje?

Afadhali! Swali la kitaalamu! Nikasema Bibi, pale ni hitilafu. Sauti hukatika, na ni mimi ninayeirudisha kila siku kwa kugonga mlango.

Kimya.

Salaale, kile kimya! Hakikuwa na hitilafu yoyote.

Mwalimu ndiye aliyesema kwanza, polepole, kama anamwelewesha mtoto mzito. Kwamba pale sauti haikatiki. Pale Bwana Radi ameokoa mji, watu wamekwenda zao, amerudi chumbani kwake peke yake. Amevua barakoa. Anataka kushona joho lake lililochanika. Anajaribu kutunga uzi kwenye sindano, mikono inamtetemeka, haupiti. Anajaribu tena. Hakuna muziki, hakuna neno. Mtu anayeweza kushika radi, na hana wa kumtungia uzi.

Kinyozi akaruka. Akasema ngojeni, kwani ule mlango unaogongwa si wa kwenye filamu? Wao huko nyuma, karibu na mlango, kila mzee anapoukaribisha uzi kwenye tundu wanasikia ngo, ngo, ngo! Na hafungui! Walidhani ni mkewe anagombea bafu! Hicho ndicho wanachokicheka siku zote!

Na wa mbele hawasikii mlango. Husikia kicheko tu, wakaona watu wa nyuma ni makatili.

Fundi mitambo akachungulia kule juu, kwenye kidirisha chake. Akasema alishaniambia kwamba mashine ni nzima, nikamjibu kuwa alikuwa amelala.

Kumbe hakuna filamu mbili. Kuna filamu moja na mimi.

Bibi akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuiona. Nikasema nimeisikia. Ukumbi mzima ulicheka, mbele na nyuma pamoja, mara ya kwanza tangu filamu hii ije. Kinyozi alimwegemea Mwalimu asianguke. Mtu mmoja tu hakucheka, mke wangu. Alikuwa anatazama mikono yake.

Kisha Muuza Bisi akaulizwa. Akasema nusu ya filamu ni upuuzi, na pale penye sindano alimkumbuka baba yake, akasahau kuhesabu chenji. Akakaa. Kwisha! Bibi akasema basi ubaoni iandikwe hivyo hivyo, na wewe ndiye meneja.

Cheo kimekwenda. Naumia, sijifichi. Nilishajiona nakaa kwenye kiti kipya cha kuzunguka.

Jumatatu, 11 Agosti

Meneja mpya kanishangaza. Kanipa viti viwili, nimlete mke wangu, naye atachana tiketi badala yangu. Akasema mtu wa mlangoni naye ni mtazamaji. Nikatafuta kejeli ndani ya maneno hayo, sikuipata.

Tukaingia. Ajabu kupita pazia lile ukakaa! Nilimwona Bwana Radi na tumbo lake. Nikacheka alipocheza dansi. Nikacheka joho lilipomezwa na lifti, na Kinyozi nyuma yangu akacheka, na Mwalimu mbele yangu mabega yakamtikisika.

Kikaja kile kimya. Hakuna aliyegonga. Mzee ameinamisha kichwa, uzi haupiti. Mikono ile! Ina madoa ya uzee, wameyapaka poda lakini yanaonekana. Anaulamba uzi, anajaribu, unapinda. Na mimi niliyepiga ngumi katikati ya hayo kila siku, sijui nilitokwaje na machozi. Nililia kweli, si kupenga kamasi. Nilimfikiria mtu anayejulikana na mji mzima na haulizwi na yeyote umeshindaje. Nikamfikiria pia mke wangu, anavyotunga uzi kutwa nzima na mimi nipo chumba hicho hicho. Nilikuwa nataka kumwambia hayo. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu changu kabisa cha kumwambia.

Tukarudi kwa miguu. Tulipofika, mke wangu akatangulia ndani. Akavua viatu, akakaa kitandani, akaniuliza, haya, wewe umeionaje?

Nikafungua mdomo. Nikamtazama kwanza usoni. Macho makavu! Mara ya kwanza aliiona akalia, leo hakulia. Je, amehamia kwa wanaocheka? Kwa nini macho makavu? Angenipa hata dalili moja, lakini alikuwa ananingoja tu, ametulia.

Nikasema nimecheka sana.

Akaitazama kola ya shati langu. Ilikuwa imelowa. Akaendelea kuitazama. Kisha akasema sawa, akazima taa.

Jumanne, 12 Agosti

Mke wangu hana hasira. Kanipa chai, kanikumbusha kufunga dirisha. Hajaniuliza kitu. Nilimwambia naona kama mvua itanyesha, akasema huenda. Nikamwambia naona kama haitanyesha, akasema huenda. Cherehani kaigeuzia ukutani, nikikaa mezani naona mgongo wake.

Nimekaa nikafikiri kwa kina. Kosa langu nimeliona. Nilijibu haraka mno, bila utafiti! Mtu makini angeuliza kwanza.

Basi nimepata mpango. Shemeji yangu, dada yake, atakuja Alhamisi kuchukua gauni. Nitamwomba amdodose taratibu, kike kwa kike, anataka hasa nimwambie nini. Nikishajua, nitamkalisha mke wangu, nitamshika mkono, na nitamjibu kutoka moyoni.