Zimwi la Chuma la Mkononi

Jumatatu, 3 Machi

Masikio yanawaka kwa hasira. Kinyozi, jirani yangu wa ukuta mmoja, kasema mbele ya wateja wangu kwamba gemu ya Zimwi la Chuma haijawahi kutolewa kwa mashine ya mkononi. Eti ilikuwa ya mashine kubwa ya televisheni tu. Na mimi nimewaambia watu miaka yote kwamba niliicheza mkononi hadi mwisho! Wamecheka, wakahamia kwake. Dada kaona viti vitupu. Kasema nyumba ni yake, na visipojaa kufikia Jumamosi, chumba changu cha gemu kitakuwa cha cherehani yake. Tutaona.

Jumanne, 4 Machi

Mimi si mwongo. Niliiona kwa macho yangu, au niliambiwa na aliyeiona, ni yale yale. Kinachokosekana ni ushahidi tu. Nimewasha Zimwi kwenye televisheni, nikaipiga picha, nikaichapisha ndogo, nikaibandika juu ya kaseti ya mkononi ya gemu ya mpira. Gundi ikaisha. Kingo nimezifunga kwa rangi nyekundu ya kucha ya dada. Kazi safi.

Jumatano, 5 Machi

Shetani mkubwa, yule kinyozi! Kaishika kaseti kwenye mwanga, kaikagua kama kisogo cha mteja, kisha kauliza ni nani huyo mwenye fulana ndani ya tumbo la zimwi. Alikuwa mimi. Kioo cha televisheni kilininasa, simu mkononi, fulana imetoboka kwapani. Mtu anayeshinda mbele ya vioo ataacha kuona? Walicheka hadi mteja mmoja akanyolewa upande. Kinyozi akaniambia njia ya mwongo ni fupi. Nimeitupa kaseti jalalani na sisalimiani naye tena.

Ijumaa, 7 Machi

Nilijua! Muuza vyuma chakavu kaja mlangoni. Kasikia habari zangu, na Zimwi la mkononi analo, la mwisho lililobaki. Picha imekwanguka katikati, lakini kingo ni nyekundu, vilevile kama nilivyozipaka mimi. Kumbe kumbukumbu yangu ni kali kiasi hicho! Hataki hela, anataka mashine yangu kubwa. Nilisita kidogo. Nikamfikiria kinyozi, nikampa.

Jumamosi, 8 Machi

Dada kaingiza cherehani. Kauliza chumba cha gemu kisicho na mashine ya gemu ni chumba cha nini. Nina hasira, na nina kazi. Niko jikoni, mashine ya mkononi magotini. Nimeiweka kaseti, ukatokea mpira. Timu mbili, refa, mashabiki. Nimecheza kipindi cha kwanza nikisubiri. Sasa nimeelewa: zimwi limefichwa, halitokei mpaka ushinde ligi nzima. Hata mara ile ilikuwa hivyo hivyo, nakumbuka vizuri kabisa. Kesho nikamwambie kinyozi.