Kitambaa cha Mama Mkwe na Sensa ya Jua

Jumatatu, 3 Februari
Nashukuru Mungu! Mama mkwe kanunua gari na anatafuta mkwe wa kumwendesha na kukaa nalo. Ni mimi au mwanyumba wangu, yule aliyeoa dada wa mke wangu. Wiki hii ni zamu yangu ya majaribio. Mama katandika kitambaa alichofuma mwenyewe juu ya dashibodi. Nimekisifu mpaka mate yamenikauka.

Jumanne, 4 Februari
Tumeiva! Kiyoyozi kilipuliza kivivu, mama akajipepea kwa mkoba. Nikalipeleka gari kwa fundi. Akanionyesha kifungo cheusi juu ya dashibodi: sensa ya jua, yaani kipima jua. Nyingine iko nyuma ya vitundu karibu na usukani, inanusa joto la ndani. Gari huamini zinachosema, basi. Akasema kitambaa kimefunika ya jua, gari linadhani liko kivulini, nikiondoe. Hakunidai kitu, Mungu ambariki. Ila kuondoa kitambaa cha mama mkwe? Thubutu!

Jumatano, 5 Februari
Nina akili mimi. Nimeegemeza chupa ya maji ya moto kwenye vile vitundu. Gari likadhani tunaungua. Baridi hiyo! Meno ya mama yaligongana. Mwanyumba, aliyeomba lifti, akavua koti akamfunika. Mnafiki!

Alhamisi, 6 Februari
Nimebadilisha chupa, nimeweka ya barafu. Gari likadhani tunaganda, likatupulizia joto. Mama akaniuliza kwa upole kama nimechoka kuwa na mama mkwe.

Ijumaa, 7 Februari
Mwanyumba kaenda kwa fundi, kapata habari zote, kanichongea kwa mama. Nikajua gari limekwenda. Kumbe mama kacheka hadi machozi! Akasema anayeteseka hivi kwa ajili ya kitambaa chake hawezi kulitesa gari lake. Akakiondoa mwenyewe, ubaridi ukaja murua. Funguo ninazo mimi! Nimelia kidogo. Ahsante mama, ahsante fundi, ahsante hata wewe mwanyumba, mdomo wako umenifaa.

Jumamosi, 8 Februari
Shukrani si maneno. Nimetia picha ya mama kwenye fremu pana, nimeigandisha kwa gundi kali juu ya dashibodi, palepale kitambaa kilipokuwa. Kapendeza! Ila joto limerudi, sijui kwa nini. Lazima ni ile sensa ya vitundu. Nimeshateleka maji.