Kinyota Kando ya Jina la Benki

Jumatatu, 7 Juni 1999. Mabatini.
Nimeipata! Karatasi ya wenye hisa wakubwa wa Saruji Igombe, kutoka kwa wakala wa hisa pale mjini. Mwaka jana benki moja ya Dar: asilimia nne. Mwaka huu: ishirini na mbili! Watu wa tai na viyoyozi hawatupi pesa hovyo. Nami nawafuata nyuma nyuma. Mauzo yanafungwa Ijumaa.

Jirani yangu Odeta, mwalimu wa biashara, kasema nisome kwanza maelezo ya kinyota kilichopo kando ya jina la benki. Wivu! Kinyota ni pambo tu.

Jumatano, 9 Juni. Magu.
Hapa bomani kwa kaka Luhende ng'ombe wangu ni wawili, mbavu nje. Wale watatu wanono ni wa mama mkwe, Ng'washi. Aliwaweka kwetu tumtunzie, maziwa tunywe sisi, kama tunavyofanya Wasukuma. Wapita njia wote husema ni wangu, ng'ombe wa Chenge. Sijawahi kumsahihisha mtu.

Leo nimewapeleka mnadani hao watatu. Nimewaazima tu. Hisa zikipanda namrudishia watano! Luhende kauliza kama mama anajua. Nimemwambia namwandalia mama zawadi ya kumshtukiza, asiiharibu.

Ijumaa, 11 Juni.
Nimenunua! Sahihi tatu.

Nyumbani mke wangu Selina kanipokea kwa vigelegele. Posa ya mdogo wake wa kiume, Ngosha, imekubaliwa. Mahari ni Jumatatu, na mama anakwenda Magu kuchukua wale watatu. Wakikosekana, binti anapewa tajiri wa Buzuruga, ambaye ng'ombe wake wako tayari. Ngosha kamngoja binti huyu miaka minne.

Sato nimemwacha sahanini. Naogopa sana.

Jumamosi, 12 Juni.
Mbio kwa wakala. Nirudishie pesa! Kakataa, na mnunuzi wa hisa zangu hayupo. Nimemwonyesha asilimia za benki. Kageuza karatasi, kanisomea kinyota: benki inazitunza hisa hizi kwa niaba ya wateja wake. Haimiliki hata moja! Wenyewe ni wakurugenzi wa kampuni, wanatafuta wa kuwauzia.

Nikalalamika: mbona limeandikwa jina la benki? Kaniuliza kwetu ni wapi. Magu, nikasema. Kacheka, akasema basi habari ya kutunziana mali hakuna haja ya kunieleza. Shati lote limelowa jasho.

Jumapili, 13 Juni. Magu.
Wazo! Machibya, jirani wa Luhende, ana ng'ombe arobaini. Nimemwomba watatu, wa kupendezesha boma mbele ya wageni. Kakubali. Mama atawachukua, harusi itapita, na Machibya nitamweleza polepole.

Jumatatu, 14 Juni.
Mama mkwe kafika asubuhi na Ngosha na wazee wawili. Nimemwamkia shikamoo kwa mbali, macho chini, kama inavyompasa mkwe. Kawazunguka wale watatu. Kamshika mmoja sikio. Kisha kasema hawa anawafahamu vizuri, ni wake, aliwaweka kwa Machibya mwaka juzi. Kauliza wako wapi wale aliowaweka kwangu.

Ngosha alinitazama tu. Afadhali angenipiga.

Mama kaondoka na hao watatu, akawaongeza wangu wawili. Mahari imepokelewa, Ngosha anaoa. Mimi sina hata ndama. Nimeona aibu kuliko siku niliyopunguzwa kazi.

Jumamosi, 19 Juni. Mabatini.
Selina hajanisemesha tangu Jumatatu. Nyumba imetulia, nasoma vizuri.

Karatasi mpya! Kiwanda cha minofu ya sangara. Benki ile ile, asilimia thelathini na tano! Na safari hii kando ya jina lake kuna vinyota viwili.

Mtaji tu ndio tatizo. Kesho alfajiri naenda Magu kumwona Machibya. Yule ndiye tajiri hasa. Ng'ombe arobaini, bomani kwake, nimewahesabu kwa macho yangu.