Malalamiko Kuhusu Nukta Iliyoingia Kisimani

Nukui Shigenori,
Mchonga Mihuri,
Barabara ya Maduka ya Tokuse,
Mji wa Hirazawa.

14 Novemba

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Dawati la Maombi ya Uraia,

YAH: JINA LANGU KUCHUKULIWA NA MUUZA WALI

Baridi imeanza kutuuma vidole sisi tunaoshinda na patasi, na natumaini huko ofisini kwako hita zimekwisha kuwashwa. Nakuombea afya njema wewe na wote walio chini yako.

Baada ya salamu, naomba radhi kwa kukupotezea wakati. Mimi si mtu wa kulalamika. Katika miaka yangu sabini na minne nimeandika barua ya malalamiko mara moja tu kabla ya hii, nayo ilihusu kunguru.

Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mwenye mgahawa mdogo wa mabakuli ya wali na kitoweo, ameomba uraia wa Japani. Anatoka Sri Lanka, huu ni mwaka wake wa kumi na tisa mtaani kwetu, na jina lake kamili ni Weerasinghe Mudiyanselage Thilakaratne Bandara. Uraia mpeni. Sina neno na uraia. Anatenganisha takataka zake vizuri kuliko sisi tuliozaliwa hapa. Ninacholalamikia ni ile sehemu ya fomu inayomuuliza mwombaji ataitwa nani akishakuwa Mjapani. Hapo ameandika Nukui. Nukui ni mimi.

Nililijua jambo hili Jumanne, alipokuja dukani kwangu kuagiza muhuri wa kutilia sahihi. Nilimuuliza ni muhuri wa jina gani. Akasema, "La humu humu ndani, Mzee," akaniwekea nakala ya fomu mezani, akafuta mikono kwenye aproni na kurudi kukaanga vitunguu vyake. Tangu siku hiyo sijamsemesha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jina lake mwenyewe halina kasoro yoyote. Nakubali kwamba likiandikwa kwa katakana, herufi zetu za majina ya wageni, ni refu. Kliniki ya mtaani fomu yake ina visanduku ishirini, na kila herufi na kila nafasi hula kisanduku kimoja, kwa hiyo jina linakatikia kwenye herufi ya kwanza ya Thilakaratne, ambayo kwa katakana ni Te. Miaka yote hii wauguzi wanamwita, "Bwana Te! Bwana Te, njoo upimwe presha!" Benki visanduku ni vichache zaidi na hata hiyo Te haifikiwi. Lakini hilo ni kosa la visanduku. Mimi kiatu kikinibana, narudisha kiatu dukani.

2. Nilikwisha kumtafutia jina jingine, tena bure. Nilimpa herufi tatu za Kichina zinazosomeka Ban-da-ra: ya kwanza ni zamu, ya pili ni shamba la mpunga, ya tatu ni hariri nyepesi. Nilikaa nazo wiki nzima nikihesabu mistari yake ili zimletee bahati. Akazitazama, akasema, "Mzee, shamba sina, na hariri nitaivalia wapi, jikoni?"

Basi angechukua Tanaka. Angechukua Yamada. Hayo yamejaa kwenye vile vishubaka vya kuzungusha katika maduka ya bei chee, mihuri yake iko tayari, unachomoa na kwenda zako. Nukui huikuti humo. Nimezungusha vishubaka hivyo tangu ujana wangu na sijawahi kuikuta. Kila Nukui ni lazima achongewe, na kwa sasa amebaki mmoja, kwa sababu binti yangu Chinami ameolewa Nagoya na anatumia jina la mumewe. Nilipompigia simu kumweleza msiba huu alicheka mpaka simu ikamponyoka. Kisha akasema, "Baba, si wewe unayelia kila mwaka mpya kwamba jina linakufa?" Nililia, ni kweli. Ila sikuwa natangaza nafasi ya kazi.

3. Hili ndilo kubwa. Nukui huandikwa kwa herufi mbili: uvuguvugu, na kisima. Kisima ni mistari minne tu, miwili imelala na miwili imesimama, hata mtoto wa chekechea anaiandika. Bwana huyu ametia nukta katikati. Mheshimiwa, unajua mwenyewe kwamba kisima kikitiwa nukta hakiwi kisima tena. Kinakuwa bakuli la wali. Katika makaratasi yale, mahali kumi na moja, kwa mwandiko safi usio na wasiwasi, ameandika kwamba ataitwa Bakuli la Wali la Uvuguvugu.

Kwanza nilidhani mkono wake umezoea, kwa sababu neno hilo huliandika kila asubuhi kwenye ubao wa vyakula. Lakini hawezi kusema hakufundishwa. Miaka mitano iliyopita alikuwepo dukani kwangu siku Bwana Watanabe alipokuja kurudisha muhuri. Unajua jinsi akina Watanabe walivyo, kila nyumba na Watanabe yake, huyu ana mstari wa ziada, yule kapungukiwa, na huyu wetu alikuwa ameniletea mzozo wa nukta moja. Alipoondoka nilimgeukia Bandara, nikamwambia mbele ya mashahidi wawili: "Jina la mtu haliguswi. Ukilikuta na nukta, liache na nukta yake. Ukilikuta halina, usilitie." Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu kabisa. Sasa naona somo liliingilia huku likatokea kule.

4. Naamini njama hii ni ya siku nyingi. Ni miaka sita sasa tangu mke wangu Fusae afariki, na kwa miaka hiyo sita, kila adhuhuri, bakuli la wali, kuku na yai limekuwa likiletwa mlangoni kwangu. Sikuagiza. Tangawizi ya kachumbari siipendi, naye haiweki, ingawa sikumbuki kumwambia. Na kabla ya hapo, Fusae aliposhindwa kushuka ngazi, mtu huyu alikuwa anakuja kumbeba mgongoni, vidato kumi na saba, mpaka kwenye gari la kliniki, huku Fusae akimsahihisha katakana zake kutoka huko huko mgongoni. Sijui alikuwa akinong'onezwa nini kingine. Mtu wa namna hiyo huwa amejiandaa.

5. Agosti iliyopita, siku za kuwapokea wafu wetu, goti lilinisumbua nikachelewa kufika kaburini. Nilikuta jiwe limeshaoshwa, maua yamebadilishwa, ubani unafuka. Mtawa mpya wa hekalu alikuwa ameinama mbele ya Bandara akisema, "Asante kwa kuja, Bwana Nukui." Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe babu, umefuatana naye?" Bandara hakumsahihisha. Mimi pia sikumsahihisha, lakini mimi nilikuwa nahema kwa sababu ya kupanda kilima.

6. Sasa tazama tunakoelekea. Mimi nikiondoka, Nukui pekee atakayebaki duniani atakuwa mwenye nukta. Baada ya miaka hamsini, mtu akilinganisha karatasi zake na jiwe letu la kaburi, atasema waliokosea ni wale wa kwenye jiwe. Baba yangu, babu yangu na mimi, watu watatu tuliokula kwa kuandika majina ya wengine bila kosa, tutahesabiwa kuwa watu wasiojua kuandika jina lao. Baadaye atatokea mtaalamu wa kuthibitisha kwamba ukoo mzima ulikuwa wa wapika wali, na hakuna kisima chochote kilichowahi kuwepo. Kisima kilikuwepo. Kiko nyuma ya choo changu, kimefunikwa kwa bati.

Kwa hayo yote, naomba mambo matatu. Kwanza, jina hilo lizuiwe. Pili, likishindikana kuzuiwa, nukta ifutwe mahali pote kumi na moja. Tatu, mwombaji aelekezwe aje aniombe ruhusa.

Hilo la tatu, Mheshimiwa, ndilo linaloniuma. Akitaka ngazi yangu, ananiomba. Akitaka mwavuli, ananiomba, na akiurudisha anaukausha kwanza. Jina ameliagiza kama mteja wa kutoka barabarani. Nimekaa siku tatu najiuliza kwa nini hakuniomba, na jibu pekee ninalolipata ni kwamba aliogopa nitakataa. Sikujua kwamba mimi ni mtu wa kuogopwa. Ningekataa, bila shaka. Lakini ningekataa siku hiyo tu.

Nisalimie wote hapo ofisini. Umsalimie mlinzi wa mlangoni, na yule mama wa mashine ya namba, na afisa wako Bi Hosokai aliyenipa kiti na chai zile mara tatu nilipomsindikiza mwombaji kuleta makaratasi yake. Mwambie mafua yangu yamepona.

Ni mimi, mwenye masikitiko na mwenye kisima kisicho na nukta,

Nukui Shigenori
(muhuri wangu uko hapa chini, tafadhali utazame vizuri)

N.B. Bahasha nilikuwa nimeshaigundisha, na nimeifungua tena kwa mvuke. Kwa kuwa si haki kumshtaki mtu bila yeye kujua, leo adhuhuri nilivuka barabara na barua hii ili nimsomee. Nilisoma mpaka lalamiko la tatu. Alizima jiko, akashusha kutoka ukutani, pale juu ya sufuria la wali, fremu ambayo nimekaa chini yake miaka minne bila kuinua macho. Ndani yake mna karatasi niliyomwandikia mimi, siku ya mwaka mpya, aliponiambia, "Mzee, niandikie jina la nyumbani kwenu, kwa brashi, vizuri." Nilidhani analitaka kwa ajili ya kadi za salamu. Nakumbuka nilikuwa nimekunywa kidogo. Nakumbuka pia aliniita, "Mzee, supu inapoa!" nikageuza shingo, na brashi ikabaki hewani juu ya kisima.

Nukta ipo. Iko katikati kabisa, nyeusi, imetulia. Ni yangu.

Nilimuuliza kwa nini hakusema kitu. Akaniambia, "Mzee, si ulisema jina la mtu haliguswi? Nikajua ndivyo nyumba yenu mnavyoliandika. Na ile karatasi, mimi nilidhani ndiyo ruhusa."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, fomu yake msiiguse. Mahali pote kumi na moja pako sawa. Badala yake naomba unielekeze ni fomu gani ajazayo mzee wa miaka sabini na minne anayetaka kubadilisha herufi moja ya jina lake la ukoo, na ni mahakama gani nitaipeleka, maana siwezi kuwa na mtoto anayeandika jina tofauti na langu. Mihuri yetu miwili nimeianza jioni hii kwa kipande kimoja cha tsuge, mti mgumu wa kuchongea mihuri, yote ina nukta. Kuhusu jiwe la kaburi msihangaike. Ni tundu moja tu, na patasi ninayo.