Ukoka wa Bwana Nkwabi

Ilemela, Mwanza
Agosti 1995

Ndugu Mhariri,

Kwa heshima naomba nafasi katika gazeti lako nimseme jirani yangu. Kumsema uso kwa uso nimeshajaribu, lakini ana mashine ya kukatia majani inayonguruma kunishinda.

Bwana Nkwabi alihamia mtaani kwetu baada ya biashara kuwa ruksa na duka lake la vipuri kumnyookea. Aling'oa mihogo aliyoikuta, akapasua mawe, akapanda ukoka. Kisha akaja kutazama matembele yangu, maboga na kuku wanaopekua. Akasema, "Mama Dorcas, uwanja wako unatuaibishia mtaa." Nikamshukuru kwa kunijulisha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Maji ya bomba tunayapata kwa zamu. Zamu yetu ikifika sisi tunajaza ndoo. Yeye ananywesha majani ambayo hayapikwi wala hayatibu hata kikohozi.

2. Yeye ni Msukuma kama mimi, lakini amepanda majani bila kuwa na ng'ombe hata mmoja. Kila Jumamosi anayakata na kuyachoma moto, huku ng'ombe wa Mzee Mhoja wakitafuna maboksi. Mzee alipoyaomba, aliambiwa samadi haiendani na geti.

3. Ziwani watu wanahangaika kung'oa magugu maji, ambayo nasikia nayo yaliletwa kwa sababu maua yake yanapendeza. Wakimaliza huko, wapande na huku mlimani.

4. Mama yake, Bibi Suzana, aliletwa kutoka Magu kutibiwa. Kila asubuhi alikuja kwangu kuchambua mboga, kwa kuwa kwa mwanawe hapakuwa na mahali pa kukaa chini. "Kule nafukuzwa kama mbuzi," aliniambia, wala hakuwa anatania. Mwezi wa sita alifariki. Waombolezaji walipofika, Nkwabi aliwaomba wakae kwenye saruji ya kuegeshea gari, maana ukoka ulikuwa umetoka kumwagiliwa. Watu wakatazamana, wakakunja mikeka, wakahamia kwangu. Tulimlilia Bibi Suzana katikati ya maboga. Jioni Nkwabi mwenyewe akaja, akakaa kwenye udongo na suruali yake ya suti, akalia mpaka nikamwonea huruma. Matanga yalipokwisha alirudi kwake, akafungulia maji.

Kwa hiyo naomba serikali itangaze kwamba majani yote yasiyoliwa na mtu wala mnyama yang'olewe, kuanzia kwa Nkwabi. Atakayekaidi apewe ng'ombe wawili kwa nguvu, na askari wa kuhakikisha wanashiba.

Wasalimie wapiga chapa wako, wauza magazeti wa stendi ya Nyegezi, na wote wenye vumbi miguuni.

Ni mimi raia mtulivu,
Odeta Shimba (Mama Dorcas)

Tanbihi: Tafadhali usiichape barua hii kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Wakwe wa Dorcas wanakuja kutoka Bukoba, na ndugu zao ni watu wa kuangalia sana mambo. Bwana Nkwabi amekubali tuwapokee kwake na kupiga picha pale kwenye majani, ila tuvue viatu. Nimemwambia tutavua. Wakwe tumeshawaambia kwamba pale ni kwetu.