Kitambaa cha Sanduku la Umeme

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Ijumaa majaribio ya Natacha yanakwisha. Miezi mitatu! Mwanangu fundi umeme wa kiwanda cha biskuti, mimi mama yake mfagiaji humo humo. Madamu Claudette, mwenye kiwanda, kasema mashine zikizimika tena ovyo, Natacha anarudi nyumbani. Lakini dawa ninayo! Natacha kafunga sanduku kubwa kama kabati, la kutuliza umeme unaopanda na kushuka. Kasema adui yake ni vumbi la unga. Vumbi tu? Redio ya marehemu baba yake nimeifunika kitambaa cha kufuma miaka ishirini, inaimba hadi leo. Nimelipima sanduku kwa mpini wa fagio.

Jumanne, 4 Novemba

Nimefuma hadi vidole vimekufa ganzi. Maua ya zambarau pembeni. Matundu yatapitisha vumbi, basi nimeshonea pazia zito kwa ndani. Akili! Spès, tunayefagia pamoja, kaniuliza saa ya kula: eti Mama Natacha, sanduku hii iko inaolewa lini? Wivu. Kwake hata televisheni iko uchi.

Jumatano, 5 Novemba

Asubuhi nimeingia chumba cha sanduku peke yangu, nikalivisha. Bibi harusi kabisa! Saa tano, mashine kimya. Biskuti nusu mbichi ndani ya oveni. Mana yanjye, Mungu wangu! Natacha kakimbia nje kupima umeme unaoingia. Mzima. Aliporudi mashine zimewaka zenyewe. Mzee Viateur, fundi wa zamani, kanong'ona kwa Madamu kwamba wasichana wa siku hizi wanajua simu tu. Madamu kasema imebaki mara moja tu. Kumbe vumbi limepenya! Nikaongeza blanketi juu.

Alhamisi, 6 Novemba

Zimezimika tena. Safari hii Natacha kaingia chumbani kwa sanduku, sote nyuma yake. Kaligusa, karudisha mkono mbio: moto kama sufuria ya maharage. Kafunua blanketi. Kafunua kitambaa. Kayatazama maua ya zambarau. Maua hayo hayo yako kitandani kwake tangu utoto!

Madamu kauliza nani kafanya. Nilijua akinitaja nafukuzwa, akinyamaza anafukuzwa yeye. Kasema: ni mama yangu, kwa kunipenda. Kisha kaeleza kwamba sanduku linapumua kwa matundu ya ubavuni, likizibwa linachemka, linajizima lisiungue. Viateur kacheka hadi kofia ikaanguka, eti sanduku ni mtoto wa tano wa Mama Natacha, kidogo afe kwa joto.

Madamu hakucheka. Kaagiza mstari wa njano upakwe sakafuni, mita mbili kuzunguka sanduku. Mimi nisiuvuke. Mstari mzima kwa ajili yangu!

Ijumaa, 7 Novemba

Kapata mkataba! Madamu kasema fundi anayetafuta chanzo na kusema kweli hata kumhusu mama yake hampotezi. Nimelia mbele ya Spès, sijali. Na tuseme ukweli: bila kitambaa changu, nani angeiona akili ya Natacha?

Nimewaza sana njiani. Kumbe shida ya sanduku haikuwa vumbi, ni homa. Mbona hawakusema mapema? Watoto wangu wanne wote niliwashusha homa kwa kitambaa cha maji baridi.

Mstari ni mita mbili. Mpini wa fagio ni mita moja na nusu. Mkono wangu unamalizia.