Ombi la Kuifundisha Kompyuta Kusahau

Kwa Meneja Mkuu,
Kiwanda cha Magodoro.

Ndugu Meneja Mkuu,

YAH: KOMPYUTA INAYOKUMBUKA MAMBO YASIYOIHUSU

Natumai barua hii itakukuta mzima, umeketi, na huna kikombe cha moto mkononi. Mimi ndiye mtayarishaji wa ripoti ya kila Jumatatu, chumba cha pili kushoto, mlango unaolia. Nimeitayarisha ripoti hiyo kwa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali juu yake, jambo ambalo siku zote nimelihesabu kuwa pongezi.

Zamani kazi ilikwenda kwa utulivu. Nilikuwa na faili iitwayo Ripoti ya Mwisho, ikafuatiwa na Ripoti ya Mwisho Kabisa, kisha Hii Ndiyo, kisha Hii Ndiyo ya Kweli, na moja iitwayo Usiguse, ambayo sijui ina nini kwa kuwa sikuigusa. Ndipo miezi mitatu iliyopita akaja mtaalamu wa kompyuta, mama mmoja mpole ambaye sote tunamwita Mama Chelezo, yaani nakala ya akiba, kwa kuwa kila kitu anacho mara mbili, hata miwani. Akaniambia huku akitabasamu, "Mzee wangu, kuanzia leo ripoti itakuwa moja tu, na kompyuta itatunza kila badiliko: nani kabadili, lini, na kwa nini." Nikacheka, nikidhani ni mzaha.

Nakuletea maumivu yangu kwa mpangilio.

1. Kuulizwa sababu. Nikibadili hata nukta, kompyuta hainiachi niendelee mpaka niandike kwa nini. Mtu wa umri wangu! Mama yangu mzazi aliacha kuniuliza sababu nilipoota ndevu. Siku ya kwanza niliandika, "Nimeona vyema." Siku ya pili, "Basi tu." Siku ya tatu, mara kumi na moja mfululizo, "Samahani." Sikujua kwamba maneno hayo husomwa na kila mtu. Uliyaona mwenyewe yakimulikwa kwenye ukuta wa chumba cha mikutano, ukakohoa bila kuwa na kikohozi.

2. Kihariri cha nje. Ripoti yangu ilikuwa na ua la waridi katika kila pembe. Sasa naiandika nje ya programu ya ripoti, katika programu nyingine ya maandishi matupu, ambako waridi hakuna. Kuna kiza na herufi zilizojipanga kama siafu. Mama Chelezo ananiambia, "Humu ndimo unaona kilichomo kweli." Nilifuta mkato mmoja, na ghala la pili lote likatoweka kwenye ripoti. Kilichoniuma si kutoweka. Kilichoniuma ni kwamba alibonyeza mara moja, likarudi. Zamani kitu kikipotea tulikitafuta siku tatu, idara nzima, kwa chai. Umoja ule umekufa.

3. Sentensi yangu. Mama Chelezo aliingiza pia faili zangu zote za zamani, na kompyuta, bila kuombwa, ikatangaza kwamba maneno "Hali ni ya kuridhisha" hayajabadilishwa kwa miaka kumi na tisa, ikiwemo wiki ile upepo ulipoondoka na paa. Nauliza kwa heshima: msimamo umekuwa kosa tangu lini?

4. Shemeji. Hapa naomba uvute pumzi.

Mtunza ghala wetu ni kaka wa mke wangu. Kama kiwanda kizima kinavyojua, tulikuwa hatusemeshani kwa miaka minne, kisa ngazi. Aliazima ngazi yangu yenye vipandio tisa, akairudisha ina vinane, akaapa kwamba ilikuwa na vinane tangu ilipozaliwa. Tukanuniana kwa amani. Hesabu za ghala nilizipata kupitia kwa mke wangu, aliyezileta nyumbani pamoja na mboga.

Sasa Mama Chelezo akampa naye nakala ya ripoti aiandike upande wake. Eti hilo linaitwa tawi. Mimi nikaandika magodoro mia nne, yeye mia tatu na arobaini. Kompyuta ikakataa kuziunganisha. Ikaandika kwa rangi nyekundu, MGONGANO, na majina yetu mawili, lake juu ya langu. Mama Chelezo akasema, "Mimi siwezi kuwachagulia. Kaeni mkubaliane." Akaenda zake.

Tulikaa meza moja kuanzia saa tatu asubuhi. Saa tano ndipo shemeji akatoa neno la kwanza: "Andika zangu, mimi ndiye mwenye ghala."

Nikamjibu, "Ghala unalo. Macho je?"

Ikabidi twende kuhesabu. Tukapanda juu ya magodoro, watu wazima wawili, viatu mkononi, mmoja akihesabia kushoto na mwenzake kulia. Yalikuwa mia tatu sabini na mawili. Sote tulikosea. Tukaketi kileleni mwa rundo, karibu na taa, tukihema. Na hapo, Ndugu Meneja, bila kuulizwa na mtu wala kompyuta, shemeji akasema, "Kile kipandio kilivunjika chini ya mguu wangu. Nikaona aibu. Nikakata mabaki kwa msumeno, ionekane hakikuwahi kuwepo."

Miaka minne nilikuwa na haki. Sasa nimekabidhiwa, na sijui pa kuiweka.

5. Nyumbani kwangu. Ule ugomvi ulikuwa na faida. Sikuitwa kwenye vikao vya ukweni wala sikubebeshwa viti. Sasa naitwa, nabeba. Mke wangu naye, baada ya kusimuliwa na kaka yake, amenunua daftari. Juzi aliniuliza, "Jumapili ulisema shati hili linakubana, leo umelivaa. Sababu ya badiliko?" Mama mkwe ameomba apewe tawi lake.

Kwa hayo, naomba kompyuta ifundishwe kusahau, walau Ijumaa mchana. Ikishindikana, ipewe likizo. Ikikataa likizo, istaafishwe kwa heshima, na hotuba nitaitoa mimi. Na ikiwa hata hilo ni gumu, basi binadamu nasi turuhusiwe kuwa na matoleo, kama faili, ili mimi wa leo nisihukumiwe kwa makosa ya mimi wa wiki iliyopita, ambaye hata sikumpenda.

Nisalimie katibu wako, dereva wako, mlinzi wa geti pamoja na redio yake, na wote nyumbani, wakubwa kwa wadogo.

Wako katika utii na maumivu ya mgongo,
Mtayarishaji wa Ripoti

N.B. Mhudumu wa chai amenong'ona hivi punde kwamba umechoshwa na malalamiko, na kwamba mpango huu mpya utaondolewa Ijumaa. Ikiwa ni kweli, nakusihi uichane barua hii. Mimi na shemeji tumebakiwa na migongano kumi na saba. Tungeweza kuimaliza yote jana, ila tumekubaliana iwe mmoja tu kwa siku, saa nne asubuhi, na ameshaleta kiti chake kutoka ghalani. Leo tunabishana kama mkato ukae kabla ya "lakini" au baada yake. Kila mmoja ana hoja nzito. Usituharakishe.